Maji ya moto ya Budapest: mwenyeji akaoge wapi?

*Mabwawa, baa za magofu na fukwe za ziwa Balaton vinawavuta wageni Hungary. Kwa wenyeji, vilevile ndivyo vinavyozua ugomvi.*

Na Mwandishi Wetu

Ni asubuhi ya Januari, baridi iko chini ya sifuri. Katika ua wa jengo la manjano lililomo ndani ya bustani ya Városliget, mvuke umetanda hadi sura ya mtu huioni mpaka umsogelee. Wazee wawili wamezama hadi kifuani. Ubao wa chesi uko juu ya jiwe, ukingoni mwa bwawa. Mmoja anasogeza farasi, anaurudisha mkono majini upesi kabla vidole havijafa ganzi, kisha anamkazia macho mwenzake.

Nyuma yao kuna vijana wenye simu zilizotiwa kwenye vifuko vya plastiki. Wanawapiga picha. Wazee hata hawageuki, wameshazoea.

Hapa ni Széchenyi, mojawapo ya majengo makubwa ya kuogea barani Ulaya, lililofunguliwa mwaka 1913. Maji ya bwawa hilo la nje yana joto la nyuzi 38, kiangazi na kipupwe. Ni nadra kitabu cha wasafiri kuhusu Hungary kuiacha picha ya wachezaji hao wa chesi.

Ila kwa mwenyeji wa Budapest, bwawa hili halikujengwa kwa ajili ya picha. Ni mahali pa kupumzisha viungo. Daktari anaweza kumwandikia mgonjwa wa mgongo au baridi yabisi tiba ya maji, na bima ya afya ya taifa ikachangia gharama. Mgeni anayelipa tiketi kamili ya siku moja Széchenyi sasa hutoa zaidi ya forinti 10,000. Mstaafu wa kawaida wa Hungary akiisoma bei hiyo mlangoni, anageuza njia.

Ndiyo sababu mtu anayepanga likizo ya Hungary anapaswa kujua kwamba kila atakachokifurahia huko, kuanzia bwawa hadi baa, chumba cha kulala na hata ufukwe, kuna mwenyeji anayekigombania.

Jiko lililo chini ya ardhi

Hungary haina bahari. Ina maji ya moto. Nchi hiyo imekaa katika bonde la Pannonia, mahali ambapo gamba la dunia ni jembamba kuliko kwingi barani. Ukichimba kwenda chini, joto hupanda kwa karibu nyuzi 50 kila kilomita, wakati wastani wa dunia ni kama 30. Ndiyo maana wakulima wa kusini mwa nchi hupasha mabanda yao ya mboga kwa maji ya kisima.

Budapest peke yake ina chemchemi zaidi ya 100. Nyingi ziko upande wa Buda, chini ya vilima, kando ya mto Danube. Upande wa Pest ambao ni tambarare, maji ilibidi yatafutwe. Mhandisi Vilmos Zsigmondy alianza kuchimba mwaka 1868, akamaliza 1878 akiwa amefika kina cha mita 970. Yalipotoka yalikuwa na joto la nyuzi 74. Kisima hicho ndicho kilichoizaa Széchenyi.

Bustani ya wanyama iko hatua chache tu kutoka hapo, na maji hayohayo hupelekwa kwa viboko. Wanyama hao wamezaana vizuri mno humo, miaka nenda miaka rudi, theluji ikianguka nje. Viboko wa Rufiji wangesikia wasingeamini.

Kuba walizoacha Waturuki

Warumi walioga hapa kabla ya wote, katika mji wao wa Aquincum. Lakini majengo ya zamani yanayotumika mpaka leo ni ya Waturuki wa Dola ya Uthmaniya, walioutawala mji wa Buda kuanzia 1541 hadi 1686.

Ingia Rudas, chini ya kilima cha Gellért. Ilijengwa wakati wa Sokollu Mustafa Pasha, katika karne ya 16. Ndani ni giza la kupoza macho. Nguzo nane zimebeba kuba yenye upana wa mita 10, na kubani kuna matundu madogo ambamo mwanga hupenya kama vijiti na kugonga maji. Chini yake kuna bwawa la pembe nane lenye nyuzi 36. Katika kila kona kuna kidimbwi kingine: cha nyuzi 28, cha 30, cha 33 na cha 42. Mwenyeji huvizunguka kwa utaratibu wake, bila haraka, na akimaliza hukaa tu pembeni. Sauti zinazosikika ni matone na minong'ono.

Msomaji aliyewahi kuingia Hamamni, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ataitambua ramani hii: kuba, matundu ya mwanga, vyumba vya joto na vya ubaridi. Hamamu ile ya Sultani Barghash ilijengwa katika karne ya 19 kwa mtindo wa Kiajemi, na leo ni kavu. Unalipa kiingilio uangalie sakafu. Rudas ina umri zaidi ya karne nne na bado watu wanaoga.

> Rudas ina umri zaidi ya karne nne na bado watu wanaoga

Lakini hata huku mila imebadilika. Mpaka katikati ya miaka ya 2000, sehemu hii ya Kituruki ilikuwa ya wanaume peke yao. Sasa zimetengwa siku za wanawake, za wanaume na za wote pamoja, kwa hiyo usitoke hotelini bila kuangalia ratiba. Upande huohuo wa Buda, kwenye kilima cha Rózsadomb, kuna kaburi la Gül Baba, darweshi wa tarika ya Bektashi aliyefariki 1541. Waislamu bado wanalizuru, na bustani yake ya mawaridi ni mahali pazuri pa kupumua baada ya mvuke.

Kampuni, wazee na muziki wa Jumamosi

Mabwawa makubwa ya mji yanaendeshwa na kampuni ya jiji. Hoja yao haina fumbo: majengo ni ya kale, mabomba yanaliwa na maji yenye madini, na ukarabati unakula fedha. Gellért, lenye vigae vyake maarufu, lililofunguliwa 1918, limefungwa tangu Oktoba 2025 na limepangwa kurudi 2028. Király, hamamu nyingine ya Kituruki, nayo imekuwa imefungwa kwa miaka kadhaa ikisubiri matengenezo. Mgeni anayelipa bei kubwa ndiye anayesaidia kuzibeba kuta hizi.

Upande wa pili wako wanaosema kwamba mtu akipandishiwa bei ya maji aliyoyazoea tangu utotoni, hata jengo likikarabatiwa halitakuwa lake tena. Na hapo hawajagusia sherehe za usiku wa Jumamosi ambazo zimekuwa zikifanyika Széchenyi, zenye taa za rangi, muziki wa kudunda na vinywaji vya kununua palepale. Fedha zinaingia, sina ubishi. Ila kugeuza bwawa la tiba kuwa disko, halafu kumuuza mgeni huyohuyo kadi yenye picha ya wazee wa chesi, kunahitaji uso mkavu.

Wenyeji wengi wameshahamia kwingine. Wako Lukács, ambako ukuta wa ua umejaa vibao vya marumaru vilivyobandikwa na wagonjwa waliopona, kwa lugha mbalimbali, kushukuru maji. Kwa miongo mingi Lukács imekuwa baraza la waandishi, waigizaji na wanasiasa waliostaafu. Wako pia Dandár, bafu dogo la mtaani, na Paskál. Huko hutakuta kuba wala sanamu. Utakuta mama mwenye kofia ya kuogelea akimsimulia mwenzake habari za mkwe wake.

Magofu yaliyogeuka baa

Ukivuka kwenda Pest, wilaya ya saba, Erzsébetváros, ugomvi unapanda sauti.

Mtaa huu ni wa Wayahudi kwa historia. Sinagogi la mtaa wa Dohány, lililokamilika 1859, ndilo kubwa kuliko yote Ulaya, likiwa na viti karibu 3,000. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945 makumi ya maelfu ya Wayahudi walifungiwa katika mitaa hii kwa ukuta. Waliokufa humo kwa njaa, baridi na risasi, zaidi ya 2,000 kati yao wamezikwa ndani ya uwanja wa sinagogi lenyewe. Mgeni anapita kando ya makaburi hayo kwenda kununua bia.

Baada ya vita nyumba nyingi ziliachwa zioze. Mwaka 2002 vijana wachache wakaanzisha Szimpla Kert, na miaka miwili baadaye wakahamia jengo bovu la mtaa wa Kazinczy. Walileta viti visivyolingana, beseni la kuogea lililokatwa likawa kochi, na gari kuukuu aina ya Trabant likawa meza. Wakauza bia rahisi. Wengine wakaiga, na aina ya baa isiyokuwepo popote ikapata jina: baa za magofu. Hata leo, Jumapili asubuhi, Szimpla huwa soko la wakulima, lenye asali, jibini na soseji. Nenda saa hizo.

Umaarufu ulileta ndege za bei nafuu, nazo zikaleta makundi ya wanaume wa Ulaya Magharibi wanaosherehekea mwisho wa ukapera. Walevi wakawa wanapiga kelele chini ya madirisha hadi alfajiri. Februari 2018 wakazi wa Erzsébetváros waliitishiwa kura ya maoni: je, baa zifungwe saa sita usiku? Waliojitokeza walikuwa wachache mno, kura ikakosa uhalali. Wenye baa wakapumua. Wakazi, wengi wao wazee, wakabaki na vizibo vya masikio.

Kumbe kelele zilikuwa nusu ya shida. Nusu nyingine ni vyumba. Mwenye fleti akigundua kwamba siku chache za watalii zinamlipa sawa na mwezi mzima wa mpangaji, mpangaji anahama. Septemba 2024 wilaya jirani ya sita, Terézváros, iliyo chini ya meya Tamás Soproni, iliwauliza wakazi wake kama upangishaji huo wa muda mfupi upigwe marufuku. Asilimia 54 walisema ndiyo. Marufuku ikapangwa kuanza Januari 1, 2026, ya kwanza ya aina yake katika jiji.

> Asilimia 54 ya waliopiga kura Terézváros walisema fleti zirudi kwa wapangaji

Serikali kuu nayo ikasimamisha usajili wa nyumba mpya za aina hiyo katika Budapest nzima kwa miaka miwili, 2025 na 2026, na kuipandisha kodi ya kila chumba kutoka forinti 38,400 hadi 150,000 kwa mwaka.

Waliopinga hawakuwa matajiri watupu. Wapo waliorithi chumba kimoja kwa bibi, na kipato chake ndicho kinachojaza pensheni. Wapo wafua mashuka, wasafishaji na wauza kahawa wa kona. Wanauliza, hivi mpangaji akirudi, kodi itashuka kweli, au fleti itauzwa kwa mwekezaji? Ni swali la haki. Hata hivyo mtaa usio na mtu wa kumsalimia kwenye ngazi si mtaa, na mgeni mwenyewe ndiye wa kwanza kulalamika kwamba hakukutana na mwenyeji hata mmoja.

Bahari ya wasio na bahari

Joto la Julai likibana, Budapest hukimbilia kusini-magharibi, ziwa Balaton. Lina urefu wa kilomita 77, lakini kina chake cha wastani ni kama mita 3 tu. Upande wa kusini unaweza kutembea majini mpaka nyumba za pwani zionekane ndogo, na maji bado yako kiunoni. Kwa watoto hakuna raha kupita hiyo. Boti za injini za mafuta zimepigwa marufuku kwa burudani. Utaona tanga tu, na zile za umeme.

Wakati wa ukomunisti, ziwa hili lilikuwa mahali pa ndugu wa Ujerumani mbili kukutana likizoni, kwa kuwa wote waliweza kupata ruhusa ya kuja Hungary. Leo wageni wengi ni Wahungary wenyewe, na mlo wao ni lángos: kinyunya cha hamira kinachotandazwa kwa mikono, kikatoswa kwenye mafuta yanayochemka hadi kivimbe na kubabuka ukingoni, kisha kikapakwa maji ya kitunguu saumu, krimu chachu na jibini ya kukwaruzwa. Huliwa kwa mikono, ukiwa na nguo ya kuogelea, mafuta yakichuruzika kiwikoni. Aliyelelewa na chapati na maandazi hahitaji kuelekezwa.

Kila kiangazi magazeti ya Hungary huandika bei ya lángos ya Balaton, na kila kiangazi watu hukasirika. Wapo wanaopiga hesabu na kuona afadhali waendelee hadi bahari ya Kroatia. Kero kubwa zaidi ni ardhi. Hoteli na nyumba za kifahari zinaula ukingo, matete yanafyekwa, na watu wanahoji fukwe za bure zitabaki ngapi. Huko Balatonaliga, mapumziko ya zamani ya vigogo wa chama cha kikomunisti yaliyofungwa kwa umma yamekuwa chanzo cha mvutano mrefu kati ya wawekezaji na wanaotaka njia ya kufika majini.

Upande wa kaskazini kuna rasi ya Tihany na abasia iliyoanzishwa 1055, na karibu na ncha ya magharibi kuna Hévíz, ziwa la maji ya moto lenye eneo la hekta 4.4, ambamo watu huelea juu ya maboya katikati ya mayungiyungi. Humo hakuna kelele, na wastani wa umri unazidi miaka 60. Nenda na mama yako.

Farasi watano na fidla moja

Mashariki, katika nyika ya Hortobágy, hifadhi ya taifa tangu 1973, utaonyeshwa wachunga farasi waliovaa joho la buluu. Mmoja atasimama wima, mguu mmoja juu ya farasi huyu na mwingine juu ya yule, akiendesha watano kwa pamoja. Umati hupiga makofi. Kinachosemwa kwa sauti ya chini ni kwamba mchezo huo ulitokana na picha ya mchoraji wa Austria, Ludwig Koch, na wachunga farasi wakaujaribu baadaye. Ustadi ni wa kweli kabisa. Ukale ndio wa kukopa.

Utamaduni usiohitaji jukwaa uko kwenye táncház, nyumba ya ngoma. Mei 1972 vijana wa Budapest waliochoka kuona ngoma za asili zikiishia jukwaani waliamua kukutana ukumbini na kuzicheza kwa raha yao wenyewe. Muziki ulikuwepo. Béla Bartók na Zoltán Kodály walikuwa wameanza kuukusanya vijijini mwanzoni mwa karne ya 20, Bartók akibeba mashine ya kurekodia. Nyimbo na hatua nyingi zilitoka Transylvania, hasa kijiji cha Szék, kwa Wahungary waliobaki upande wa Romania baada ya mipaka kuhamishwa.

Mwaka 2011 UNESCO iliitambua njia hii ya kurithishana ngoma kuwa mfano wa kuigwa. Ukumbi wa Fonó huko Buda ni mahali pazuri pa kuanzia. Kuna fidla inayoongoza, nyingine yenye nyuzi tatu inayopiga mdundo, na besi. Mkufunzi huonyesha hatua mwanzoni, halafu unashikwa mkono na mtu usiyemjua. Ukikosea, utazungushwa tu upande unaotakiwa.

Kabla hujafunga begi

Mtu wa Afrika Mashariki anahitaji viza ya Schengen, ambayo ada yake kwa mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024. Fedha ya nchi bado ni forinti, kwa hiyo usikubali bei ya euro ukiwa barabarani. Si safari ya watu wasiojuana kabisa: Wakenya na Watanzania kadhaa husoma Hungary kwa ufadhili wa serikali yake, Stipendium Hungaricum, na anayepanda Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru hupita bonde la Teleki, lililopewa jina la Sámuel Teleki, Mhungary aliyeondoka Pangani mwaka 1887 na msafara wa wapagazi wa Kiswahili hadi ziwa Turkana.

Nguruwe yuko kwenye vyakula vingi, hata visivyoonekana kuwa na nyama, kwani mafuta yake hutumika kukaangia. Uliza. Gulyás halisi ni supu ya ng'ombe, si rojo zito linalouzwa kwa jina hilo kwingineko, na kwa kawaida paprika yake haiwashi kama pilipili ya kwetu.

Mei na Septemba ni miezi ya hali nzuri na foleni fupi. Mwishoni mwa kipupwe, mji wa Mohács huwa na siku sita za Busójárás, wanaume wakivaa vinyago vya mbao na ngozi za kondoo kuifukuza baridi. Vyumba huisha mapema. Na ukiwa Budapest, lala kwenye hoteli au nyumba ya wageni iliyosajiliwa, uingie bwawani mapema asubuhi, siku ya kazi. Bwawa la Lukács hufunguliwa mapema, na saa hizo wazee hawana haraka ya kutoka. Ukimkuta mmoja amekaa na ubao bila mwenzake, salimia kwanza, ndipo uulize kama unaweza kucheza.